Katuni ya Ami na tetekuwanga ya Suhaila

*Kundi la familia kwenye simu: Nyumba ya Bibi, Kikwajuni*

Mama Ilham: Asalaam aleikum. Nani kaituma humu ile katuni ya kobe na sungura? Ilham hanipi raha. Keshavaa viatu, kachukua na boflo, ati anakwenda kumkagua Suhaila.

Ami Khamis: Waaleikum salaam. Mie. Ina ubaya gani?

Mama Ilham: Haina ubaya Ami. Lakini mule sungura anaumwa, kobe anapanda kitandani wanajifunika shuka moja. Na Suhaila ana tetekuwanga!

Mama Suhaila: 😂😂 Asije mwanangu. Vimemtoka mpaka ndani ya nywele. Usiku kucha kujikuna.

Shangazi Salma: Asithubutu. Inakwenda kwa hewa pia, si kwa kugusa malengelenge tu. Mpaka vipele vyote vikauke vifanye magamba, siku tano hivi tangu vitoke, mara nyengine zaidi. Na huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla havijaonekana. Kwa hivyo waliocheza naye nage watizamwe mpaka wiki tatu.

Wifi Rahma: Mie Ijumaa nilikuwepo hapo na tumbo langu hili 😳

Shangazi Salma: Ulishaugua utotoni?

Wifi Rahma: Mama anasema tuliugua mie na kaka pamoja.

Shangazi Salma: Alhamdulillahi, hairudi kirahisi. Lakini kesho pita kliniki uwaambie, usingoje.

Bibi (anaandikiwa na Nassor): Tangu lini mgonjwa haendewi? Sie tukilazwa chumba kimoja, tukaugua sote, yakesha.

Shangazi Salma: Mama, wengi walipona, ni kweli. Wengine iliwaingia kifuani.

Ami Khamis: Hata Sayyidna Omar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, alirudi.

Bibi (anaandikiwa na Nassor): Khamis ushaanza darsa. Haya, asende. Lakini dua haiambukizi. Mwambieni Suhaila bibi yake anasema: laa ba'sa, twahuurun inshaallah. Na aogeshwe mwarobaini. (Hili la mwisho kanishikia sikio nilirudie: MWARUBAINI.)

Shangazi Salma: Wa kuogea sawa, maji yawe vuguvugu. Wa kunywa hapana. Mkate kucha ziwe fupi, mpake kalamini.

Mama Suhaila: Na homa? Dukani wameniambia aspirini.

Shangazi Salma: HAPANA. Mtoto mwenye tetekuwanga hapewi aspirini, inaweza kumdhuru ini na ubongo. Wala hizo ibuprofeni. Panadoli tu, kwa kipimo cha uzito wake. Akishindwa kupumua, au akawa anasinzia tu hata kuamka tabu, mkimbize hospitali hapohapo.

Mama Suhaila: Ahsante shangazi. Ami, lakini na mie niseme, katuni yako nimeipenda. Kobe kaja na matunda, sungura hataki. Kamchezea ngoma, sungura kazidi kulia. Nikasema huyu sasa atamchosha mgonjwa. Mwisho ndo anamuuliza, "Unataka nini?" "Nataka ukae." Basi kakaa. Suhaila kanigeukia, "Mama na wewe acha kuniuliza nitakula nini." 🙈

Ami Khamis: Ndo nikaituma! Nyengine zote ni kelele na kupigana vichwa. Hii unasikia hata mvua nje.

Mama Ilham: Mimi naona ndefu kidogo, lakini sawa. Sasa huyu wa kwangu amekaa mlangoni, hataki kuvua viatu.

Wifi Rahma: Mpigieni simu ya video basi. Akae naye huko kwenye simu.

*Baada ya adhuhuri*

Mama Ilham: Jamani njooni muone vituko. Simu kaiegemeza kwenye mto, kanyamaza. Suhaila naye kimya. Namwambia sema na mwenzako, ananijibu, "Mama, nimekaa." Na boflo kalila peke yake lote.

Mama Suhaila: Huku mwenzake kasahau kujikuna. Saa nzima! Sijui nicheke au nilie.

Mama Ilham: Anauliza pia mbona kobe hakuambukizwa.

Ami Khamis: Kobe kazaliwa na gamba.

Shangazi Salma: Ami usimchanganye mtoto 😂

Mama Ilham: Sasa bando langu limekwisha katikati, kilio kimeanza nyumba mbili. Ami Khamis, mwenye katuni ndo mwenye bando. Natuma namba?

Ami Khamis: Huku Wete mtandao unasumbua.

Bibi (anaandikiwa na Nassor): Muongo. Tuma namba.