Naomba ushauri: picha za chozi akiwa hewani

Ndugu wanachama, habari zenu. Naomba msaada kuhusu kumpiga picha chozi, yule ndege mdogo anayefyonza nekta, hasa pale anapoelea kwa sekunde chache mbele ya ua akila. Natumia lenzi ya milimita 400 kwenye f/5.6 (upenyo wa lenzi), na maua yenyewe yako kivulini. Kwa kasi ya shata ya sekunde 1/1000 kichwa hutoka vizuri, hata chavua iliyonata kwenye paji la uso huonekana, lakini mabawa huwa ukungu mtupu. Nikipandisha hadi 1/3200 mabawa hutulia, ila ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hufika 6400 na picha hujaa chengachenga, yaani vidoa vidogovidogo. Nimejaribu kuziondoa kwa programu ya kuhariri, nikakuta manyoya ya kifuani, ambayo ndiyo uzuri wenyewe wa ndege huyu kwa jinsi rangi zake zinavyobadilika kulingana na pembe ya mwanga, yamelainika kama nta. Kufunga fokasi kwenye ua kabla hajafika kumesaidia kiasi.

Je, fleshi ya nguvu ndogo, ambayo mwako wake huwa mfupi mno, inaweza kugandisha mabawa kivulini bila kumsumbua ndege? Na wakati wa kuhariri, nawezaje kupunguza chengachenga za mandhari ya nyuma pekee, nikiyaacha manyoya yalivyo?