Naomba ushauri: goblini 8 na vivuli 5 wana XP (alama za uzoefu) sawa, je ugumu nao ni sawa?

Mpanga_Pambano
Habari zenu wakuu. Naandaa mapambano ya Dungeons & Dragons toleo la 5 (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dado), natumia majedwali ya 2014. Wachezaji wanne, wote leveli ya 3: mpiganaji, kuhani, mwizi na mchawi. Nina machaguo matatu: dubu-bundi mmoja (CR, yaani kipimo cha hatari ya kiumbe, ni 3), goblini 8 (CR 1/4) au vivuli 5 (CR 1/2). Dubu ni XP 700. Goblini ni 400 mara 2.5 (kizidishi cha wingi wa maadui), inakuja 1,000. Vivuli ni 500 mara 2, nayo 1,000. Kwa kundi hili pambano la kati linaanzia 600, gumu 900, la kuua 1,600. Jedwali linanionyesha goblini na vivuli ni kitu kimoja, ila nikisoma maelezo ya kivuli napata wasiwasi. Nisaidieni.

Dado20
Hesabu umepiga sawa mkuu, na wasiwasi wako una msingi. CR inatokana na pande mbili: ulinzi (uhai na kinga) na mashambulizi (madhara kwa raundi na uwezo wa kulenga). Uwezo wa ajabu unaoua kwa njia nyingine hauonekani vizuri humo.

Kivuli akikupiga, mbali na madhara anakupunguzia Nguvu kwa dado ya pande 4. Nguvu ikifika 0 umekufa papo hapo, hakuna kutupa dado ya kujinusuru na kifo. Mchawi wa kawaida ana Nguvu 8. Akiwa na kinga 12 (namba ambayo shambulizi lazima lifikie), kivuli mwenye +4 kwenye dado ya pande 20 anampata kwa 65%. Vivuli watatu wakimzonga, wanampata kama mara mbili kila raundi, yaani Nguvu 5 zimeondoka. Raundi ya pili hana kitu. Kuhani anaweza kumrudishia uhai, lakini Nguvu hairudi mpaka wapumzike. Na akifa, kama ni binadamu au jamii yake na si mwovu, baada ya saa 1 hadi 4 maiti yake inatoa kivuli kipya.

Silaha_Butu
Naongezea hapo. Kivuli ana uhai 16 tu kwenye karatasi, lakini silaha isiyo ya kichawi inamuumiza nusu. Kwa mpiganaji mwenye upanga wa kawaida huyo ni kiumbe wa uhai 32. Watano wanakuwa 160. Moto, baridi na radi pia ni nusu. Kabla hujaangalia CR, angalia kundi lina silaha gani.

Nuru_ya_Kuhani
Mnamsahau kuhani. Ana uwezo wa kuwafukuza wafu: kila kivuli aliye ndani ya futi 30 anatupa dado ya Hekima. Vivuli hawana nyongeza hapo, kwa hiyo wakitakiwa kufikia 13 wanashindwa kwa 60%. Watatu kati ya watano wanakimbia dakika nzima, mradi asiwepo wa kuwajeruhi. Madhara ya nuru nayo yanawaingia maradufu. Tatizo ni kwamba katika leveli hii anafukuza mara moja tu hadi apumzike. Pambano hilohilo likija baada ya uwezo huo kutumika, ni jingine kabisa.

Raundi_Tatu
Dubu-bundi msimwogope sana. Uhai 59, kinga 13. Wachezaji wanne wenye +5 na madhara 7 au 8 kwa pigo wanamtoa kama uhai 20 kwa raundi, anaanguka raundi ya tatu. Ni mmoja, anapata zamu moja wakati wao wana nne. Hatari yake ni raundi ya kwanza tu: mapigo yake mawili yakipata yote ni wastani wa 24, na mchawi wa leveli 3 ana uhai kama 20. Mwanzishe umbali wa kutosha ili mpiganaji awahi kusimama mbele.

Goblini ni kinyume chake. Wanane wakirusha mishale dhidi ya kinga 16 wanatoa madhara 18 hivi raundi ya kwanza, kisha hupungua kila mmoja anapokufa. Nani anaanza ndilo swali kubwa. Uchawi wa kulaza usingizi unalaza viumbe wenye jumla ya uhai 22 kwa wastani, na goblini ana 7: watatu wamelala kabla hawajavuta upinde. Wakiwavizia wachezaji, geuza hesabu.

Mpanga_Pambano
Asanteni sana. Nikitaka kubaki na vivuli, nipunguze hadi wangapi?

Dado20
Watatu. XP 300 mara 2 ni 600, na kwa vivuli hiyo 600 ina uzito wa kutosha. Usiwaelekeze wote kwa mchawi raundi ya kwanza. Washa mienge chumbani, kwa sababu kwenye mwanga hafifu wanajificha bila kupoteza shambulizi. Na uangalie ratiba ya siku: leveli 3 inabeba XP 1,200 kwa kila mchezaji kwa siku, yaani 4,800 kwa kundi lako. Ukiweka pambano moja tu, watamwaga uchawi wote hapo na hata watano watakuwa wepesi. Vivuli wakiwa pambano la nne au la tano kwa siku hiyo, watatu wanatosha kabisa.