Kongoro la Bibi

*Kikundi: Wazazi na Wajukuu. Jumamosi asubuhi*

Neema: Shikamooni wakubwa. Jana jioni nimepita machinjioni Vingunguti nikachukua makongoro manne ya ng'ombe, ya supu ya bibi si amevunjika mkono, sasa yako kwenye beseni na manyoya yake yote, nayaangalia yananiangalia. Naanzia wapi??

Shangazi Eli: Marahaba mwanangu. Kwani hawakukubabulia? Wale huwa wanababua palepale

Neema: Kulikuwa na foleni shangazi nikasema ntamalizia nyumbani, nilijua ni kama kuku

Anko Fredi: Kama kuku 😂😂😂

Shangazi Eli: Fredi nyamaza. Neema washa jiko la mkaa nje, usithubutu kubabulia kwenye gesi humo ndani, hiyo harufu haitoki wiki nzima. Shika na koleo geuza geuza manyoya yaungue, kwangua na kisu, rudisha motoni kwangua tena. Kwato zikishapata moto wa kutosha unagonga na mchi zinachomoka. Katikati ya vidole ndo manyoya yanapojificha hapo usipite haraka haraka. Ukimaliza sugua na stilwaya na maji ya moto mpaka ngozi iwe ya njano

Neema: Sawa. Na kukata?

Shangazi Eli: Kwenye maungio kisu kinapita. Ile mifupa mirefu mpelekee kijana wa bucha hapo mtaani aipasue na shoka, tunataka uboho

Joel: Jamani mnanitesa. Huku Marekani hiyo supu wanaiuza kwenye boksi kama maziwa, bei yake sisemi mama atanipigia, nikanunua siku moja mafua yamenibana nikapasha nikanywa aisee ni maji ya chumvi tu yamepitishwa karibu na ng'ombe

Shangazi Eli: 😂 Rudi nyumbani

Anko Fredi: Mi nawaambia hiyo ndo dawa ya mfupa. Bibi akinywa kutwa mara tatu wiki mbili tu anavua hogo la mkono

Mama Mdogo Happy: Shikamoo kaka. Nimetoka zamu ya usiku nasoma haya nikiwa kwenye daladala. Mkono kama ule ni wiki 6 hivi na kwa umri wa mama inaweza kuzidi, supu haifupishi

Anko Fredi: Marahaba. Sasa nesi kalsiamu si iko kwenye mfupa na mfupa tunauchemsha?

Mama Mdogo Happy: Iko kwenye mfupa na inabaki humohumo kwenye mfupa kaka, inayotoka kwenye maji ni kidogo sana. Kama unataka kalsiamu mpe maziwa, mtindi, dagaa wale wanaoliwa na mifupa yao. Na hiyo kolajeni, protini ya kwenye ngozi na kano wanayoisifia, haitoki tumboni ikanyoosha njia mpaka kwenye mkono wa bibi, inasagwa kama protini nyingine

Anko Fredi: Kwahiyo tumedanganywa toka utotoni

Mama Mdogo Happy: Sijasema hivyo. Mnajua tangu aanguke anakula nini? Ugali anausukuma pembeni, nyama hawezi, meno yenyewe mnayajua, chai nusu kikombe amemaliza. Supu ndo kitu pekee anachokiomba mwenyewe na ile ngozi ikilainika anaimung'unya, hapo keshapata maji na protini bila kugombana na mtu. Mi naiunga mkono kwa sababu hiyo. Ila Neema chumvi kidogo sana ana presha, weka ladha kwa ndimu na tangawizi. Na cubes za supu usitie hata moja hizo ni chumvi tupu

Neema: Sawa mama mdogo

Mama Mdogo Happy: Na wewe kaka ule mguu wako wenye gauti usije ukajialika kwenye masufuria ya watu

Anko Fredi: Mambo ya familia hayazungumzwi kwenye grupu

Joel: 😂😂😂😂

Neema: Naruhusiwa presha kuka?

Shangazi Eli: Hapana

Mama Mdogo Happy: Ruksa, lisaa limoja na nusu mpaka mawili yanalainika

Shangazi Eli: Haya mpikieni na maikroweivu. Neema sikiliza, chemsha kwanza dakika kumi mwaga yale maji yote na povu lake, osha sufuria, weka maji mapya ya baridi yafunike makongoro yazidi kidogo. Kitunguu saumu kizima usimenye, tangawizi ponda. Ikichemka punguza mkaa, isitokote kwa fujo utapata supu ya kijivu, iwe inabubujika kwa mbali. Masaa matano, sita. Povu likija engua. Ndimu mwishoni kabisa

*Saa 12 jioni*

Neema: [picha] Bado ngumu kidogo. Jirani wa juu keshashuka na bakuli anauliza kuna msiba au harusi

Shangazi Eli: Mpe mchuzi asiguse kongoro

Mama Mdogo Happy: Ikiiva usiilaze jikoni na joto hili la Dar. Chuja, gawa kwenye vyombo vidogo ipoe haraka halafu friji. Ambayo hataimaliza ndani ya siku tatu peleka friza moja kwa moja

*Jumapili asubuhi*

Neema: Jamani naomba msaada nataka kulia. Imeharibika. Nimefungua friji imekuwa kama jeli yote inatikisika na juu kuna kitu cheupe kigumu, mkaa debe zima, kucha zangu mbili, na mama anakuja kuichukua saa nne

Shangazi Eli: 😂😂😂 Usimwage!!! Hiyo ndo supu yenyewe mwanangu

Mama Mdogo Happy: Kolajeni ya ngozi na kano ndo imegeuka jelatini. Toa hayo mafuta meupe na kijiko, pasha kiasi anachokunywa tu mpaka ichemke kabisa

Joel: Ya boksi haigandi hata uiweke mwezi

Neema: Nilikuwa nimeshaishika juu ya sinki 😭

*Saa 7 mchana*

Mama Neema: Bibi amemaliza vikombe viwili na kipande cha ngozi. Anauliza kapika nani nikamwambia mjukuu wako. Kacheka. Anasema ahsante sana Mungu akubariki, ila kongoro moja umeacha manyoya katikati ya vidole

Shangazi Eli: NILISEMA