Kumwaga oili na kubadilisha filta ya pikipiki nyumbani

Swali: Wakuu, nataka kumwaga oili na kubadilisha filta ya Boxer 150 mwenyewe. Je, naweza kutumia oili ya gari niliyobakiza?

Jibu: Ndugu, usithubutu, kwa sababu klachi ya pikipiki hiyo hufanya kazi ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze, tafuta oili ya 20W-50 (kipimo cha uzito wake) yenye alama ya JASO MA au MA2, yaani kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.

Jibu: Naongezea kwamba uwashe injini dakika chache ili oili iwe nyepesi, uizime, kisha ufungue nati ya kumwagia oili iliyo chini ya injini. Unaporudisha kifuniko cha filta, kagua mpira wake wa mviringo, maana ukijikunja oili itavuja.

Jibu: Oili chafu usiimwage mtaroni, tafadhali, ipeleke gereji.