Filamu ya Turing kwenye kikundi cha ukoo

Salma: Assalamu alaikum nyote. Ndiyo kwanza nimemaliza The Imitation Game, ile filamu ya 2014 ya Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyefumbua siri za Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Nimelia. Mjomba, mambo yalikuwa hivyo kweli?

Mjomba Bakari: Wa alaikum salaam. Adhabu ni ya kweli, mwanangu. 1952 alihukumiwa kwa mapenzi na mwanamume mwenzake, akakubali kutiwa homoni ili asifungwe. Akafa 1954, hajatimiza hata miaka 42. Cumberbatch, aliyemwigiza, ameubeba ule upweke barabara. Ila akili haikumpotea vile filamu inavyoonyesha. Mpaka mwisho alikuwa akiandika hesabu za jinsi viumbe wanavyopata madoa na mistari.

Shangazi Rukia: Mimi Joan, yule mwanamke mfumbuzi mwenzake, ndiye aliyenikaa moyoni.

Mjomba Bakari: Anastahili. Lakini karibu robo tatu ya watu wa Bletchley Park, kituo chao cha kufumbua siri, walikuwa wanawake, maelfu yao! Filamuni huwaoni. Na Wapolandi je? Rejewski na wenzake walishaifumbua Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe, tangu 1932, na Julai 1939 wakawapa Waingereza ujuzi wao wote. Wametajwa juu juu tu. Welchman, aliyeiongezea nguvu mashine ya Turing ya kufumbua Enigma, hayumo kabisa.

Hamisi: Mjomba, filamu ya saa mbili itawabeba wote hao? Lazima wachague.

Mjomba Bakari: Kupunguza watu nakubali. Kuzua ndiko kunakoniuma. Eti Turing alimgundua jasusi wa Warusi, Cairncross, akanyamaza kwa kuogopa siri yake mwenyewe ya mapenzi itoboke. Hawakufanya kazi pamoja watu hao! Marehemu wanamsifu, na papo hapo wanamsingizia kuficha msaliti.

Salma: Na yule kijana mfumbuzi ambaye kaka yake yuko melini, wakaiacha ipigwe ili Wajerumani wasishtuke? Hapo ndipo machozi yalianza.

Mjomba Bakari: Kisa cha kutungwa. Habari zilizofumbuliwa zitumikeje, waliamua wakubwa wa vita, si wafumbuzi.

Hamisi: Hilo la kumsingizia siwezi kulitetea.

Mjomba Bakari: Jingine halimo filamuni, nawaambia kwa kuwa ni la kwetu. 1942 wafumbuzi wa Kiingereza walihamia hapa Mombasa, Kilindini, kutoka Colombo, wakawekwa jengo la shule ya Allidina Visram, wakisoma siri za meli za Wajapani.

Salma: Allidina hii hii ninayoipita na matatu kila asubuhi??

Mjomba Bakari: Hiyo hiyo.

Shangazi Rukia: Nimezeekea mji huu, sijapata kuambiwa.

Salma: Mjomba, Jumapili nakupitia, twende ukanionyeshe.

Mjomba Bakari: Njoo baada ya alasiri, jua likipoa.