Mbuzi wanawavamia watoto, kondoo wanawakimbia: nifanyeje?

Mama wa Utange
Assalaam aleikum jamani. Nina mbuzi wanne na kondoo watatu hapa Utange. Tangu likizo ya Agosti, kila Jumamosi nafungua ua watoto waje wawalishe na kuwashika. Asubuhi mambo huwa mazuri. Mbuzi huja wenyewe getini, hunusa mifuko, husimama kwa miguu ya nyuma kufuata jani lililoinuliwa. Kondoo wangu wa mkia wa mafuta hujibana ukutani, na mtoto akisogea wote watatu huhama pamoja. Ikifika saa tano, watoto wamejaa, mbuzi nao hubadilika. Juzi Kibibi, mpole kuliko wote, alimpiga kichwa msichana wa miaka minne akaanguka. Hakuumia, alhamdulillah, lakini usiku ule sikulala. Nimuuze? Na kondoo, nimfunge mmoja kamba watoto wapate kumgusa?

Mzee wa Likoni
Waaleikum salaam mwanangu. Usimuuze. Kibibi akichoka, huenda wapi? Ikiwa ua mzima ni wa watoto, hana pa kupumzikia, na mnyama aliyebanwa hutumia kichwa. Mtazame kabla hajapiga: hugeuza uso, hujaribu kupita pembeni, ndipo huinamisha kichwa. Mtoto hawezi kuyajua hayo, ni wewe wa kumtoa mapema. Na wasimsukume kwenye paji la uso hata kwa mchezo, wanamfundisha kupiga.

Kondoo usimfunge, nakuomba sana. Akitengwa na wenzake hupata hofu kubwa.

Mganga wa Mifugo Kisauni
Alilosema mzee limepimwa. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Zoo Atlanta, Marekani, kuhusu mbuzi wadogo wa asili ya Afrika na kondoo aina ya Romanov ambao wageni waliruhusiwa kuwagusa. Walipopewa mahali pa kujitenga, kushambulia watu na kuwakwepa kulipungua. Kwa hiyo mama, gawa ua, acha upenyo, na mtu mzima akae hapo: mnyama apite, mtoto asipite.

Kondoo macho yake yako pembeni. Huona karibu pande zote, ila kilicho mbele kabisa ya pua hakioni vizuri. Mkono ukitoka juu kuja kichwani humshtua. Mtoto akae chini, atulie, amguse begani. Na weka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, kwa sababu hata mnyama asiye mgonjwa huweza kubeba vijidudu vya kuharisha kwenye kinyesi chake.

Bi Majengo
Naongeza moja. Kondoo dume aliyelelewa kwa chupa usimweke na watoto kabisa. Haogopi watu, na akikua huwapiga kama madume wenzake. Wetu alimvunja marehemu babangu kidole.

Mama wa Utange
Nimerudi kuwashukuru. Nimezungushia kona moja makuti, binti yangu mkubwa akakaa kwenye upenyo. Kibibi aliingia mara nne. Saa tano nilimkuta amelala humo anacheua, na hakumgusa mtoto yeyote. Kondoo nao, kijana mmoja wa darasa la pili alikaa chini na majani ya kunde mapajani, kimya, karibu nusu saa. Wallahi yule kondoo mkubwa alikuja mwenyewe, akanusa kwanza kiatu, kisha akala. Wawili wakamfuata.

Jumamosi ijayo nitawaingiza watoto kumi kumi. Mzee, nina beberu wa miezi mitatu, naye nimwache humo au bado?