Lile shimo la kwa fundi cherehani

*Kundi la simu la Familia ya Babu, Tabata, Dar es Salaam. Jumamosi asubuhi, Aprili.*

Dada Zuhura: Assalaam alaykum. Wakubwa shikamooni. Mnaotoka leo msipite njia ya chini, mvua haijakatika tangu saa 8 usiku.

Musa: Wa alaykum salaam. Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Shangazi. Jana usiku nimetumbukia lile shimo la kwa fundi cherehani. Gurudumu la mbele kushoto.

Baba Mkubwa: Marahaba. Pole mwanangu. Umeumia?

Musa: Sijaumia, ahsante. Rimu imepinda, tairi limetoa nundu ubavuni kubwa kama limau. Nilidhani ni dimbwi tu. Juzi pakiwa pakavu shimo lilikuwa na kina cha kiganja, jana limemeza nusu gurudumu. Ila kilichoninyima usingizi si rimu. Niliposhtuka nilikata kulia, kumbe kuna bodaboda ananipita upande huohuo, kapakia mama na mtoto. Uso wa yule mtoto nimeuona dirishani kwangu, karibu kabisa.

Shangazi: Ya Rabbi! Walianguka?

Musa: Hapana. Aliserereka, akawahi kukita mguu chini. Tukasimama wote, tukatazamana, hakuna aliyeweza kusema neno.

Mjomba Hamisi: Alhamdulillah. Sasa Musa nisikilize, nimeendesha daladala miaka mingi. Shimo la maji halikwepwi kwa kukata usukani ghafla. Punguza mwendo mapema, tazama vioo. Huna nafasi ya kuhama? Ingia taratibu, na breki uiachie kabla gurudumu halijazama. Ukiingia umeikanyaga, pua ya gari inalala, springi imeshabanwa, pigo lote linaenda kwenye rimu. Hilo tairi usilipeleke kwa mziba pancha. Nyuzi za ndani zimekatika, litakupasukia Barabara ya Morogoro.

Musa: Nimeshafunga spea, Mjomba.

Rukia (Montreal): Shikamooni. Pole sana kaka. Huku bado ni usiku wa jana, na sisi mashimo yametuelemea. Maji yanaingia kwenye nyufa za lami, yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, yanaiinua. Yakiyeyuka chini panabaki uwazi, lori likipita lami inadidimia. Wakati wa baridi ndiyo hatari zaidi, shimo linafunikwa na theluji, na ukikanyaga breki juu ya barafu gari linateleza kama halina dereva. Sheria ya Quebec, jimbo letu huku Kanada, inatutaka tuwe na tairi za msimu wa baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Mimi zangu bado sijazitoa.

Shangazi: Kumbe na huko barabara zinatoboka! Endesha polepole mwanangu.

Mjomba Hamisi: Adui ni yuleyule, maji. Hapa hatuna barafu, lakini masika yakilowesha kifusi cha chini, malori ya mchanga yakipita yanakikamua kidogokidogo, lami inabaki inaning'inia. Ule mtaro wa pale umeziba tangu vuli. Shimo linazibwa kila mwaka, maji hayana pa kwenda, linarudi palepale.

Dada Zuhura: Jamani, bajaji ya watoto wa madrasa inapita hapo saa 2! Alama ipo?

Musa: Tawi tuliloweka jana limechukuliwa na maji. Naenda sasa hivi na lile tairi bovu, nilisimamishe ndani ya shimo.

Mjomba Hamisi: Lifunge kitu cheupe, usiku tairi halionekani. Nisubiri kwenye kona, nakuja na koleo na sururu tuzibue mtaro.

Baba Mkubwa: Msiiname wote wawili. Mmoja achimbe, mmoja atazame magari.

Musa: Sawa Baba Mkubwa.

Musa: [Picha] Limesimama. Juu nimefunga kipande cha kiroba cheupe. Bajaji ya madrasa imepita sasa hivi, dereva kapunguza mwendo kabisa, kazunguka kwa juu.

Dada Zuhura: Nimewaona getini. Wamefika.